Hotuba Niliyoisikia kwa Macho

Nakumbuka Jumapili niliyopigiwa makofi kanisani, kule Laurel, ughaibuni, kwa habari ya hotuba ya seneta ambayo hakuna sikio lililowahi kuisikia. Watu walisimama, mwanangu. Mchungaji aliinua gazeti langu juu ya kichwa chake, akasema tumepata mtetezi. Nami, kijana wa miaka ishirini na minne, nikatazama chini kama mnyenyekevu huku moyo ukinidunda kwa raha. Hotuba yenyewe ilikuwapo. Ilichapishwa neno kwa neno katika taarifa rasmi za Seneti. Ila haikuwahi kutamkwa.

Ngoja nirudi nyuma, usije ukanihukumu mapema.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Niliishi Riverdale Park, karibu na mji mkuu, nikifanya kazi katika duka la fotokopi, na Jumamosi mwenye duka aliniachia mashine moja. Hapo ndipo lilipozaliwa gazeti letu: kurasa nne za Kiswahili, zikigawiwa baada ya ibada kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo wa pande zile. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa harusi na misiba. Wa pili ulikuwa wangu. Humo niliripoti mijadala ya Seneti, na sijui kama nitaweza kukueleza nilivyoifurahia kazi ile. Mtoto wa Machakos, naingia maktaba ya chuo, nafungua kitabu kinene cha maneno yaliyosemwa jana yake na wakubwa wa nchi, nawaeleza watu wangu kwa lugha yao! Nilitembea barabarani nikitunga vichwa vya habari.

Mwezi ule mjadala ulikuwa juu ya nyumba za kulea wazee. Seneta mmoja wa jimbo la mbali alitaka kila nyumba iwe na wahudumu wa kutosha. Mama Njeri wa kanisani kwetu, mhudumu katika nyumba moja ya Gaithersburg, alikuwa amemwandikia barua kumweleza jinsi anavyolisha wazee kumi na mmoja peke yake kila mlo. Kila Jumapili alikuwa akiniuliza, "Mutua, mtu wangu ameongea?"

Ijumaa moja nikakuta hotuba. Ya seneta yuleyule, kuhusu wahudumu walewale. Mwanzoni palikuwa na kitone kikubwa cheusi, na mwishoni kingine. Nikadhani ni mapambo ya mpiga chapa. Nikaandika: "Seneta alisimama Alhamisi, kwa sauti nzito, mbele ya wenzake wote." Sauti nzito niliitoa wapi? Sijui. Ilinipendeza tu.

Kwa kawaida kila nilichoandika kilipitia kwa Bi Zubeda, jirani yangu, mama wa Kitanga aliyestaafu kazi ya kuandika taarifa rasmi za Bunge kule kwao. Wiki ile sikumpelekea. Niliona atanichelewesha.

Jumapili alasiri, makofi bado yakiniwasha masikio, nikampelekea gazeti lililokwisha kugawiwa. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili.

"Alisimama upande gani wa ukumbi?" akaniuliza.

"Sijui, Bi Zubeda. Sikuwapo."

"Sauti yake nzito umeijuaje?"

Akaitazama fotokopi ya taarifa niliyokuja nayo, akaweka ukucha juu ya kile kitone.

"Na hiki?"

"Pambo."

"Pambo, eti! Mutua, mimi nimeandika maneno ya waheshimiwa miaka ishirini. Taarifa rasmi haivai hereni." Akafunua ukurasa ambapo taarifa za Seneti zilianza, akanionyesha maandishi madogo ambayo sikuwahi kujisumbua kuyasoma. Yalisema wazi: kitone ni alama ya maneno yaliyowasilishwa kwa maandishi bila kutamkwa ukumbini. "Ni utaratibu wao, wala hawakuuficha. Seneta hakukudanganya. Wewe ndiwe uliyemsimamisha."

Nilijitetea kwamba maneno ni yaleyale. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Nani ameliamini gazeti lako leo, na kesho atafanya nini?"

Nilimjua mmoja. Mama Njeri alikuwa ameniambia mlangoni mwa kanisa kwamba Jumatatu, saa ya chakula, wenzake sita wataweka sahihi chini ya barua kwa meneja, kuomba waongezewe watu. Wote walikuwa wakihofia kazi zao. Walikubali kwa sababu mtu mkubwa amewasemea hadharani.

Jumatatu asubuhi nikaendesha gari hadi Gaithersburg, nikamngoja kwenye maegesho ya magari. Nilimweleza yote kabla hajafunga mlango wa gari lake.

"Kwani hakusimama?"

"Hakusimama, Mama Njeri. Aliandika."

"Kwa hivyo mpaka sasa aliyesimama ni mimi peke yangu." Akafunga mlango wa gari. "Hawa wasichana wako na watoto, Mutua. Si utawaambia wewe mwenyewe? Saa sita. Usichelewe kama ulivyoharakisha gazeti."

Nikarudi saa sita. Wanawake sita, sahani zao mezani, nami nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilipomaliza, Mama Béa, Mkongo mwenye mdomo mwepesi, alisema, "Ee journaliste! Umetupatia seneta wa kartasi!" Wakacheka, lakini hakuna aliyegusa kalamu. Walisema watangoja hadi mmoja wetu amsikie seneta kwa masikio yake.

Basi nikapiga simu ofisini kwa seneta. Karani akasema huenda akazungumza Alhamisi. Huenda! Nilirukaruka dukani kana kwamba ameniahidi. Tukapata kadi za kuingilia: Mama Njeri, aliyebadilishana shifti na mwenzake, Bi Zubeda na mimi.

Mlangoni askari akanipokonya daftari. Katika jukwaa la wageni hairuhusiwi kuandika. Nilikaribia kulia. Bi Zubeda alitabasamu kama mtu aliyerudishwa kazini.

"Tutagawana. Mutua, chukua hoja, ya kwanza hadi ya mwisho. Njeri, chukua maneno yatakayokuchoma. Mimi nachukua tarakimu na nani kamjibu nani."

Chini yetu ukumbi ulikuwa karibu mtupu.

"Wengine wako wapi?" Mama Njeri akanong'ona. "Wameenda chai?"

"Wako wanne," akajibu Bi Zubeda. "Mmoja anasoma barua zake."

Kisha seneta akainuka. Alisimama kushoto, karibu na ujia, na sauti yake, mwanangu, ilikuwa nyembamba kama ya mtu mwenye mafua. Alizungumza na kiti cha mwenyekiti, si na sisi. Akaeleza hoja yake, halafu akafunua karatasi: "Mhudumu mmoja ameniandikia kwamba uji hupoa kabla hajamfikia mzee wa nne."

Mama Njeri akanibana goti. "Ni uji wangu! Mutua, ni uji wangu!"

Seneta mwenzake akasimama kumpinga: nyumba ndogo za vijijini zitawatoa wapi wahudumu hao? Swali la haki, nami nililihifadhi kichwani kama nilivyohifadhi neno la kunifurahisha. Seneta alijibu nusu yake tu.

Tulitoka mbio hadi kwenye nyasi za nje, tukaandika tukipokezana kalamu. Mimi nilishikilia kwamba alisema nyumba hizo "lazima" ziongeze watu. Bi Zubeda akakataa: alisema yafaa. "Wewe ulitaka iwe lazima, ndiyo maana umeisikia." Mama Njeri akamuunga mkono. Tukaandika yafaa.

Jumapili iliyofuata gazeti lilianza na kosa langu, juu kabisa, kabla ya harusi. Hakuna aliyepiga makofi. Kazini kwa Mama Njeri wanne waliweka sahihi chini ya jina lake, wawili hawakuweka. Safari hii kila mmoja alijua hasa kilichosemwa.

Mwanangu, wewe unayependa kupeleka habari, raha yake naijua, wala sikukatazi. Lakini ulichosoma, sema umesoma. Ulichosikia, sema umesikia, na ulipokuwa umekaa. Neno linalokupendeza mno ndilo la kulitazama mara ya pili, kwa kuwa kuna mtu ataweka riziki yake juu yake. Ukikosea, nenda mwenyewe, mapema, ukaseme mbele ya sahani zao. Mungu akupe sikio linalopokea hata usilolitaka, na mtu wa kukuuliza sauti nzito umeitoa wapi.

Hoja ile ya seneta iliwekwa kando Alhamisi ileile bila kura. Nimeitafuta katika taarifa zote zilizofuata, ukurasa kwa ukurasa, na hadi leo sijaona ilipopigiwa kura.