Waandishi Tisa wa Mwalimu Dumuzi

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, kazi inayonichosha kuliko zote ni kuchapa wasifu wa wahadhiri kwa ajili ya tovuti ya chuo. Mtu aliyekuja asubuhi kuniazima kalamu, mchana ananiletea karatasi inayosema yeye ni mtafiti mbobezi. Wanajiandikia wenyewe, lakini wanajiita "yeye", utadhani wanasifiwa na jirani. Mmoja aliorodhesha maeneo kumi na manne ya utafiti, na mimi nilimjua kwa eneo moja tu, nalo ni kuchelewa darasani. Nimekuwa katibu muhtasi wa idara hii kwa miaka kumi na saba, na subira ya watu wanaojipigia chuku iliniisha zamani.

Kulikuwa na mmoja tu asiyejua kujisifu, na huyo alinikera zaidi. Wanafunzi walimwita Dumuzi, jina la mdudu mdogo anayetoboa mahindi ghalani, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akimchunguza mdudu huyo. Wasifu wake ulianza hivi: "Alikuwa mbeba magunia."

"Mwalimu, hiyo toa," nikamwambia. "Nani anataka kujua mambo ya magunia?"

"Si ndiko nilikoanzia, dada? Iache tu."

Ni kweli ndiko alikoanzia. Alibeba magunia kwenye ghala la nafaka, akapanda kuwa karani wa ghala, akasoma cheti jioni baada ya kazi, kisha stashahada, kisha shahada, kisha shahada ya pili, na kila hatua ikimpunguzia nywele. Alipofika kwetu kama mhadhiri msaidizi alikuwa ameshakula chumvi nyingi, na akabaki msaidizi miaka kumi na mitano. Walimpa chumba nyuma ya maabara, chenye rafu tatu za chupa za mahindi. Kila Ijumaa alizimwaga chupa hizo moja moja kwenye sinia jeupe na kuhesabu wadudu, wazima huku, waliokufa kule. Vifuniko vya chupa alivishona mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Siku moja mama huyo aliniambia, "Mwenzangu ana wake wenza wangu humo ndani, wote wana miguu sita." Tulicheka mpaka machozi.

Idara yetu ina desturi yake. Ukiandika makala ya utafiti, unatia jina la mkubwa wako, hata kama mchango wake ulikuwa kuitikia salamu yako. Wenzake walitia mkubwa mmoja, wakizidi sana wawili. Dumuzi alitia wote tisa, idara nzima.

"Usiache hata jina moja, dada," alikuwa akiniambia. "Ni heshima."

Jina lake aliliweka mwisho. Kwa miaka minane aliniletea makala nne, zote kwa mwandiko wake wa kulala, nami nikazichapa huku nikilalamika kwamba majina yamekuwa mengi kuliko maneno. Watatu kati ya wale tisa walipandishwa vyeo kwa makala hizo. Mzee aliyekuwa msimamizi wa masomo yake aliupata uprofesa wenyewe, akastaafu nao.

Katika wakubwa wa leo, mmoja tu hakumtia, kwa kuwa wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wake. Kijana huyo aliandika idadi ya wadudu waliomo kwenye chupa ambazo hakuzifungua, Dumuzi akamkamata na kumfanya arudie mwaka. Kijana akaenda zake, akasoma mbali, akarudi na shahada ya uzamivu, na leo ndiye Mkuu wa Idara. Akimkuta Dumuzi kwenye korido huinama kidogo na kusema "Shikamoo, Mwalimu" kwa sauti ya kusikika na wote. Mimi mwinamo ule niliuogopa siku zote.

Kisha ikaja amri kutoka juu. Asiye na shahada ya uzamivu mwaka wa masomo utakapoisha hatafundisha tena, na ataondoka kwenye nyumba ya chuo. Dumuzi alikuwa anaishi katika nyumba hizo, vyumba viwili nyuma ya maktaba, pamoja na mkewe na mama mkwe asiyeweza kutembea. Hata hivyo hakuonekana kuwa na wasiwasi. Tasnifu yake ilikuwa imekamilika, na mtahini wa chuo kingine alikuwa ameipitisha kwa sifa ambazo mimi, pamoja na ukavu wangu, nilizisoma mara mbili.

Alikuwa amebaki mtahini mmoja wa ndani ya idara. Sheria inasema asiwe mtu aliyewahi kuandika makala na mtahiniwa. Ofisi ya masomo ikafungua tovuti, ikasoma wasifu nilioupandisha kwa mikono yangu, na kwenye orodha ya makala zake majina yote tisa yalikuwepo. Idara nzima ikaenguliwa kwa siku moja. Akabaki Mkuu peke yake.

Aliikalia tasnifu ile wiki sita. Alipoirudisha ilikuwa na ukurasa mmoja wa maoni, akanipa niuchape, kwa hiyo nilijua kabla ya mwenyewe kujua. "Makala nne zilizotokana na tasnifu hii zina waandishi kumi, na mtahiniwa ni wa mwisho. Mchango wake hauonekani. Alete ndani ya siku kumi na nne barua ya siri kutoka kwa kila mwandishi, ikieleza alichofanya." Nilitafuta pa kumlaumu nikapakosa. Lilikuwa swali la haki kabisa, na aliyeuliza alijua jibu tangu akiwa mwanafunzi.

Dumuzi alipousoma alishusha pumzi na kucheka.

"Ni hilo tu? Mimi nilidhani amekuta kosa kwenye hesabu."

"Mwalimu, watu wamekula vyeo kwa makala hizo," nikamwambia. "Unawaomba waandike kwamba hawakufanya kitu."

"Wataandika. Hawa ni ndugu zangu, dada. Tumezeeka pamoja."

Akazunguka mlango kwa mlango na bahasha zake. Wala hakuna aliyemkatalia. Wengine walimkaribisha chai, na Profesa mstaafu alimshika mkono akamsindikiza mpaka getini. Siku ya kumi na mbili zilikuwa zimetimia tisa, zimefungwa kwa gundi. Alizipanga mezani kwangu, akazilinganisha kingo kwa viganja, akaniambia mkewe ameshaanza kumpima mabega kwa ajili ya joho. Roho iliniuma, lakini nilijitia hamnazo.

Mkuu alimkaribisha kiti. Mimi niliitwa kuandika muhtasari. Akaichana bahasha ya kwanza polepole, akasoma kwa sauti: "Nilibuni wazo la utafiti." Akachukua ya pili: "Nilipanga jaribio zima." Wa tatu alitafuta mahindi. Wa nne, ambaye akiona mende hupanda juu ya kiti, alikuwa amehesabu wadudu kila Ijumaa kwa miaka minne. Wa tano alikagua hesabu, wa sita akazichambua, wa saba akachora majedwali, wa nane akasoma vitabu vyote vilivyotangulia. Kila barua iliposomwa Dumuzi aliinua mkono kidogo, kama anayetaka kusahihisha kitu darasani, halafu akaushusha. Hawakuwa wamekula njama. Kila mmoja aliogopa kivyake na kujikatia kipande chake.

Ya Profesa ilikuwa ya mwisho. "Makala zote nne niliziandika mimi. Mtahiniwa alikuwa msaidizi mwaminifu na mwenye adabu."

Mkuu akazikusanya barua, akazigonga mezani zikakaa sawa.

"Sasa, Mwalimu," akasema kwa upole, "wewe ulifanya nini? Maana naona kazi imeishia hapa."

Dumuzi alitazama barua. Akatazama dirisha, kisha akageuka kwangu na uso ukamchangamka.

"Muulize dada. Yeye ndiye aliyechapa. Alizichapa zote kutoka kwenye mwandiko wangu, kurasa zote. Muulize yeye."

"Haya, katibu," Mkuu akaniambia. "Tunakusikiliza."

Fomu ya kuongeza mkataba wangu ilikuwa mezani pale tangu Jumatatu, haijatiwa saini. Aliisogeza kidogo kwa kidole ili aweke kiwiko, labda bila kukusudia chochote. Karatasi za mkono za Dumuzi nilikuwa nazo kabatini, makala zote nne, pamoja na zile alizokatakata na kuandika upya. Zilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Nilijua hata rafu yenyewe.

"Mimi nachapa tu," nikasema. "Siangalii mwandiko ni wa nani."

Dumuzi alinitazama, na mimi nikatazama daftari langu. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Ni kweli," akamwambia Mkuu. "Ana kazi nyingi mno huyu dada, hawezi kukumbuka ya kila mtu. Msimsumbue."

Akasimama, akarudisha kiti mahali pake. Nilimchukia kwa maneno yale kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Mkuu akanielekeza niandike kwamba mtahiniwa hakuwa na la kuongeza, nami nikaandika.