Kwa Baiskeli Hadi kwa Dada, Newala

Corona ilipoingia na shule zikafungwa, kibanda changu cha fotokopi pale Masasi, kilichokuwa kikiishi kwa wanafunzi, kilibaki na mimi na nzi. Mimi si mtu wa kukaa. Nikikaa sana mahali pamoja, miguu huanza kuniwasha. Lakini kilichonitoa hasa ni dada yangu, Mama Salima, anayeishi peke yake Newala. Ana pumu, na redio ilikuwa imemtisha vya kutosha. Alikuwa amefunga geti. Hata majirani aliwajibu kupitia dirishani. Nilimpigia simu kumwambia nakuja kumwona.

"Kwa basi?" akanikatiza. "Mbanane humo, mpumuliane, halafu uniletee mimi? Ukishuka kwenye basi, Issa, sikufungulii."

"Basi nakuja kwa baiskeli."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na kitambi hicho? Haya, ukija kwa baiskeli nafungua."

Alfajiri ya Jumamosi niliitoa stoo baiskeli niliyosomea sekondari, nikaipaka mnyororo mafuta na kuondoka. Milima ya mawe ya Masasi ilikuwa bado na ukungu kichwani. Mahindi yalishavunwa, mbaazi zilikuwa zimetoa maua ya njano, na chini ya mikorosho watu walikuwa wakipalilia. Njia hiyo nimeipita kwa basi mara nyingi, nikilala. Sikuwahi kujua kuwa inanukia. Nilijikuta napiga kengele bila sababu, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa kidato cha pili.

Chiungutwa mnyororo ulichomoka. Fundi mmoja, mzee mcheshi mwenye barakoa iliyoning'inia kidevuni, aliukaza huku akinitazama kwa huruma.

"Unakwenda wapi, Baba?"

"Newala."

"Newala hii iliyo juu? Umegombana na mkeo?"

Mchana, jua likiwa kali, nilianza kupanda uwanda wa Makonde. Niseme kweli: niliisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda. Kwenye kona moja pikapu ilisimama, dereva akatoa kichwa, nikamweleza sharti la dada.

"Itupe nyuma, twende! Huyo dada yako atajuaje?"

"Tangu nizaliwe sijawahi kumdanganya yule mwanamke nikafaulu," nilimjibu. Akaondoka akicheka, na mimi nikabaki na kilima changu.

Karibu na juu kuna bonde dogo lenye kisima, ambako akina mama hujaza madumu. Huku uwandani maji ni ya kutafutwa, na sisi tulilelewa hivi: ukienda kwa mtu, oga bondeni, usije ukawamalizia wenyeji maji. Nikaomba ndoo, nikajificha nyuma ya kichaka, nikaoga. Nikavaa shati safi nililolikunja vizuri kwenye mfuko, nikafuta hata baiskeli vumbi.

Jioni nikagonga geti la dada. Lilifunguka upenyo wa jicho moja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Jicho lilinipima kutoka juu hadi chini. "Mbona umependeza?"

"Nimeoga bondeni, nisikumalizie maji."

"Issa! Mtu atoke Masasi kwa baiskeli, anukie sabuni, shati limenyooka? Baiskeli uliipakia juu ya basi, ukashukia stendi. Rudi ulikotoka!"

Upenyo ukafungwa. Niliapa, nikabembeleza, nikamtaja fundi wa Chiungutwa. Geti halikufunguka. Roho iliniuma, maana nilimsikia upande wa pili akihema, naye hakuondoka. Mwishowe nikachoka, nikajiachia kwenye kibaraza cha saruji pale nje.

"Mamaaa!" Niliruka kama niliyekalia makaa.

Upenyo ukarudi. "Umefanya nini?"

"Nimekaa!"

"Hebu kaa tena, nione."

Nikajishusha taratibu, kwa upande mmoja, meno nimeyauma. Alianza kucheka kabla sijafika chini. "Makalio ya basi hayalii hivyo," alisema, na komeo likavutwa.

Tulikula uani, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, ugali wa muhogo na kisamvu. Hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza kama mbaazi zimeshatoa maua, na bondeni nilimkuta nani.

Jumatatu asubuhi alinisindikiza. Alisema ataishia getini, kisha akasema kwenye kona. Kwenye kona akakaza barakoa na kushika keria.

"Nipakie."

"Na corona?"

"Upepo wote huu, itanishikia wapi? Endesha!"

Alikaa upande, kanga ameibana magotini, akinipiga mgongoni niongeze mwendo na kuita kila tuliyempita. "Mama Fadhili! Nimetoka!" Pale barabara inapoanza kuteremka alishuka, macho yamelowa, akadai ni vumbi.

Nilichojifunza si kikubwa. Ugonjwa ulitukataza kubanana. Kutoka nje tulijikataza wenyewe, na mimi nilikuwa nimejikataza miaka mingi kabla yake, kila nilipoipita njia hii nimelala ndani ya basi. Baiskeli sasa hairudi stoo.

Nilisimama kidogo nione kama dada atakimbilia kwake kujifungia tena. Hakukimbia. Mama Fadhili, yule jirani aliyemwita tukipita, alikuwa ametoka mlangoni kwake hapo nyuma. Wakasimama, kila mmoja upande wake wa barabara, wakaanza kupigiana kelele za habari. Nikaachia breki.