Ovakado ya Leo, Ovakado ya Kesho

Ninyi mliokaa hapa na bandeji zenu, nitazameni. Mimi ni Nabwire wa Buhehe, muuza ovakado sokoni Busia. Zamani mteja akiniuliza, "Mama, hii ni ya leo ama ya kesho?" nilibonyeza kidogo kwa kidole gumba nikamjibu. Sikurudishiwa tunda hata moja. Nilijivuna, kwa nini nisijivune?

Siku moja nilipeleka mahindi kusagwa. Mkanda wa mashine ukanasa gauni, ukavuta na mkono wa kulia. Vidole vikapondeka. Majirani wakapaka majivu, wakafunga kitambaa. Baada ya siku chache mkono ulivimba, ukawa mweusi, ukanuka hadi nikatapika.

Hospitalini Tororo daktari alisema, "Mama, hii mkono tukiacha, itakuchukua wewe mzima." Wakaukata juu ya kifundo cha mkono.

Kidonda kilipona, mimi sikupona. Vidole visivyokuwepo viliniwasha. Nilimwambia mume wangu, Wandera, auze meza yangu ya sokoni. "Meza inangoja mwenyewe," akajibu.

Ndipo nikaitwa karakana ya viungo bandia kujaribu mkono wa mashine. Vidoleni walibandika vihisi, vidude vya kupima mguso, vikubwa kama vifungo vya koti. Fundi Owor akanipa ovakado. Sikuhisi kitu mpaka rojo lilipotiririka hadi kiwiko. Nililia kwa hasira. "Chukueni chuma chenu!"

Owor akafuta shati lake. "Mama, nipe muda. Nakwenda kufanya hizi zikuwe ndogo, ziingie kwa ncha ya kidole."

Aliponiita tena, kihisi kilikuwa kama punje ya wimbi, kimefichwa chini ya ngozi ya mpira. Kidole kikigusa, kitu kinatetemeka karibu na bega langu. Nikibonyeza zaidi, kinazidi. Akanifunga macho kwa leso. Nikagusa tunda la kwanza: gumu. La pili: gumu. La tatu likabonyea taratibu. "Hii ni ya leo!" Akalipasua, laini kama siagi. Nilimkumbatia hadi kofia ikamwanguka.

Si mkono niliozaliwa nao. Hausikii moto wala baridi. Lakini nimerudi mezani. Namshukuru Mungu, daktari aliyekata, fundi aliyepunguza vihisi, na Wandera aliyekataa kuuza. Nanyi mkiumia, osheni kwa maji safi mkimbilie hospitali. Majivu yaacheni jikoni.

Jana mteja kutoka upande wa Kenya alianza kuminya ovakado zangu moja moja.

"Wachana nazo, dada," nikamwambia. "Kwa hii meza, mwenye kubonyeza ni mimi."