Picha ya Mama Akiwa na Liwa

Siku ya arobaini ya mama ndugu waligawana kila kitu, kuanzia kanga mpaka kandambili. Albamu ya picha aliichukua shangazi wa Chole, na mchwa wa Chole wakaimaliza. Kwa bibi, kijijini Kurui, kilibaki kipande kimoja cha negativu ya siku mama alipoandaliwa kuolewa. Nani arithi watu wenye nyuso za bluu kama majini?

Aliyenisumbua ni mdogo wangu wa kike. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya, hivyo hamjui. Anachojua ni maneno ya bibi: mama alikuwa maji ya kunde, na siku ya kusingwa, alipopakwa liwa ya msandali kabla ya harusi, aling'aa mpaka watu wakakosa la kusema.

"Kaka, wewe si unasoma sayansi Kibaha? Nisafishie picha nimwone."

Nikasema sawa, kwa mdomo uleule ninaotumia kuwadanganya wenzangu bwenini kwamba leo kuna pilau.

Kwanza nilijaribu kwa simu ya muuza chipsi wa Misugusugu. Tukaipiga picha ile negativu, tukageuza rangi.

"Mwanangu, huyu ni mama au sangara?" aliuliza. Nilicheka. Mimi hucheka hata nisipotaka.

Shuleni kwetu, nyuma ya maabara, kuna chumba cha giza cha enzi za klabu ya picha. Ticha wa fizikia bado anatunza mashine ya kukuzia na karatasi chache za picha nyeusi na nyeupe, zilizopitwa na muda. Aliinua negativu kwenye mwanga, akaguna.

"Hii ni ya rangi. Itasumbua."

"Ticha, hata mimi nasumbua na bado unanifundisha."

"Nakufundisha kwa sababu nalipwa."

Karatasi ya kwanza ilitoka kama uji wa ulezi. Ya pili tuliimulikia muda mrefu, tukaitumbukiza kwenye dawa, nami nikainama chini ya taa nyekundu. Mkeka ukatokea. Ukuta ukatokea. Akatokea mwanamke wa gauni jeupe aliyesimama nyuma, mpaka mwanya wake ukaonekana. Huyo, kwa masimulizi ya bibi, ni jirani aliyempaka mama liwa. Mbele yake, mahali alipokaa mama, bibi harusi mwenyewe, kulikuwa na doa jeusi.

"Huyu wa mbele alipakwa nini?" ticha aliuliza.

"Liwa na manjano. Na amevaa kanga nyekundu ya kisutu."

Akaisogeza karatasi karibu na taa nyekundu. "Karatasi hii haioni nyekundu wala njano. Kwake hizo ni giza. Ndiyo maana taa hii haiiunguzi."

Yaani walimpamba siku nzima kwa vitu ambavyo karatasi haivioni. Tulipunguza mwanga, jirani akafifia na mama akawa wa majivu, hana macho. Tuliongeza, akazama kabisa. Karatasi zikaisha. Nilikuwa na mzaha tayari, wa kulisingizia shirika la umeme. Haukutoka.

Likizo nilimpelekea ile ya pili, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na mtu mwenye sura. Mdogo wangu alinawa mikono kabla ya kuishika.

"Mzuri," alisema, kidole kikiwa juu ya jirani. "Ana mwanya kama wangu."

"Siyo huyo. Mama ni huyu wa mbele."

Akaliangalia doa, kisha akaniangalia mimi. "Kaka, acha utani."

"Sitanii."

"Hata ile siku ya chumvi kwenye chai ulisema hutanii."

Nilikaza uso. Sijui ulikaa vipi, maana aliangua kicheko akamkimbilia bibi, ambaye macho yake siku hizi hayatofautishi mbuzi na mbwa.

"Bibi, si mama huyu?"

Bibi aliipapasa karatasi kwa dole gumba, taratibu, toka pembe hadi pembe.

"Ndiye, mjukuu wangu."

Picha ikabandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, juu ya kitanda chao. Asubuhi, nikiwa bado nimelala chumba cha pili, nilimsikia mdogo wangu akimwamkia jirani wa pichani.

"Shikamoo, mama."