Muwasho wa Mchakamchaka

Juzi asubuhi, barabara ya Raskazone, nilikimbia. Usicheke, rafiki yangu. Daktari alinipima presha, akanitazama kiuno, akaandika neno moja tu, mazoezi, akalipigia mstari chini kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi wake. Nikanunua raba, nikavaa tisheti niliyopewa kwenye semina, nikatoka mapema kabla mashahidi hawajawa wengi. Sikufika mbali. Jasho la kwanza lilipochungulia tu, shingo ikaanza kuwasha, kisha kifua, kisha mikono yote miwili: vipele vidogo vidogo, kila kimoja na duara lake jekundu, kama niliyelala juu ya njia ya siafu. Nikaegemea ukuta wa nyumba ya watu, mama mzima mwenye shahada mbili, najikuna kama mbuzi kwenye nguzo. Na katikati ya kujikuna huko nikaanza kucheka, maana muwasho ule naufahamu. Tuliachana zamani, kijijini kwetu Kigombe, nikiwa mtoto.

Siku zile shule ilianza kwa miguu, si kwa vitabu. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi, na ilipogongwa tulijipanga, wadogo mbele na wakubwa nyuma, mchakamchaka ukaanza. Tulizunguka uwanja, tukatokea barabara ya Pangani, tukapita kando ya minazi hadi mkonge unapoanzia, tukiimba na kupiga miguu kwa pamoja. Mwenye sauti aliongoza, sisi tuliitikia. Njiani tulipishana na harufu ya dagaa walioanikwa, halafu harufu ya iliki kutoka kwa mama aliyekuwa akichoma vitumbua, na hapo wimbo ulilegea kidogo kwa sababu midomo ilikuwa imejaa mate. Wenzangu walirudi na jasho. Mimi nilirudi na upele.

Bibi aliyenilea hakuamini kwamba kukimbia kunaweza kumdhuru mtoto. Kinachomdhuru mtoto, kwa bibi, ni alichokula. Kwa hiyo alianza na pweza. "Pweza anachemsha damu," alisema, na pweza akaondoka kwenye sahani yangu. Upele ukaendelea. Akafuata kamba, kisha ngisi, kisha bilinganya, kisha embe, tena msimu wa embe wenyewe. Nyumba nzima ilikula pweza wa nazi, mimi nikakaa pembeni na bada langu na mchicha, nikilimeza lile tonge jeusi la muhogo kama mfungwa. Jioni alinipaka liwa mwili mzima, nikanukia kama bi harusi, na asubuhi nikaoga maji ya mwarobaini, nikanukia kama dawa ya mbu. Alfajiri ilikuwa njema. Mchakamchaka ulipoanza, nikawashwa palepale.

Mwishowe bibi alimwendea mwalimu wa michezo akamwomba anipumzishe. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa milimani, Msambaa mwenye miguu mirefu na filimbi isiyotoka mdomoni. Alinitazama juu hadi chini.

"Wewe ni mvivu au mgonjwa? Chagua moja."

"Mgonjwa, mwalimu."

"Haya. Mgonjwa atalinda kandambili."

Basi wenzangu walivua kandambili zao ili wakimbie, mimi nikabaki nazo chini ya tawi la kengele. Huko ndiko nilikopata jina. Upupu. Unaujua upupu, ule mmea ambao vinyweleo vyake vikikugusa unajikuna hadi unaomba msamaha kwa makosa ya mtu mwingine. "Msimguse Upupu!" walipiga kelele wakija kuchukua kandambili zao, wakazivuta kwa ncha ya kidole cha mguu.

Ningeendelea kuzilinda hadi namaliza darasa la saba kama si mbuzi wa bibi. Mbuzi huyo alivuta kanga kwenye kamba ya kuanikia akakimbia nayo, nami nikamfukuza kupitia katikati ya uwanja wa shule, nikamkamata kabla hajafika barabarani. Mwalimu wa michezo aliitoa filimbi mdomoni, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Mlinzi wa kandambili! Kumbe una miguu!"

Siku iliyofuata aliniweka kwenye timu ya wasichana ya mbio za kupokezana vijiti, twende kushindana Muheza. Mimi nikawa wa tatu. Wa nne, wa kumalizia, alikuwa binti wa jirani yetu mkaanga samaki, msichana mwepesi kuliko wote shuleni na mwenye ulimi mwepesi kuliko miguu.

"Mwalimu, mimi kijiti cha Upupu sipokei. Mama kasema unaambukiza."

"Kijiti ni mti. Mti hauna upele."

"Na mkono ulioushika je?"

Hakukataa waziwazi, maana filimbi ile ilijua pia kupiga vichwa. Alikipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa ndani ya mtungi, na kila mara kikaanguka. Mwalimu alivumilia, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba kijiti kikiendelea kuanguka hadi mwisho wa wiki ijayo, atamtafuta mtu mwingine wa nafasi ya tatu. Hakusema wa nafasi ya nne. Nilielewa. Nililia njia nzima, na nilipofika nyumbani nikaapa kwa jina la Mungu, bila ruhusa ya bibi, kwamba kandambili za watu sitazilinda tena.

Jibu lilikuja kwa bahati. Asubuhi moja nilichelewa kuamka na ndoo ilikuwa tupu, nikakimbia kisimani na kurudi huku bibi akifoka nyuma yangu. Upele ukanitoka palepale nyumbani. Nikajimwagia maji, nikajikuna, ukapoa, nikaenda shule. Mazoezini nilikimbia, na ngozi ikanyamaza. Nikadhani ni rehema ya siku moja. Kesho yake sikukimbia alfajiri. Shuleni nikawashwa kama kawaida. Keshokutwa nikakimbia tena kisimani, na shuleni ngozi ikanyamaza tena. Nimesoma chuo kikuu, nimekaa maktaba hadi nikajua vyoo vyake vyote, lakini nakuapia huo ndio utafiti pekee wa maana niliowahi kufanya. Mwili wangu ulikuwa na muwasho wa safari moja kwa siku. Kazi yangu ilikuwa kuumalizia nyumbani.

Tangu hapo adhana ya alfajiri ilinikuta nimeshasimama. Nilikimbia hadi kisimani na kurudi, mara nyingine na ndoo kichwani ili nisiulizwe, nikajikuna nyuma ya jiko huku nimeuma pindo la kanga. Bibi hakudanganyika muda mrefu. Alitokea na kibatari akanimulika.

"We mtoto, umeingiwa na nini?"

Nikamweleza yote, nikitetemeka kwa maji baridi. Akaigeuzageuza mikono yangu kwenye mwanga.

"Kumbe ugonjwa nao una zamu," alisema. "Basi ukimaliza zamu yake, njoo unywe uji."

Usiku huo pweza alirudi kwenye sahani yangu, kipande kikubwa.

Binti wa jirani hakuwa mwepesi kuamini kama bibi. Nilimfuata baada ya mazoezi nikamnyooshea mikono. Aliikagua kama mama yake anavyokagua macho ya samaki.

"Vipele viko wapi?"

"Nimeviacha nyumbani."

"Na vikikufuata?"

"Nitavikimbia."

Alicheka, lakini kijiti alikipokea vilevile kwa vidole viwili. Siku hiyo hakikuanguka. Mwalimu akaniacha kwenye timu, akisema hana muda wa kufundisha mwingine.

Tulikwenda Muheza kwa lori la mkonge, tumesimama, tukiimba hadi sauti zikakauka. Nilikuwa nimekimbia alfajiri, nikajikuna, nikamaliza. Lakini jua la Muheza lilikuwa na mambo yake, na mbio zetu zilicheleweshwa hadi mchana. Nilipopokea kijiti tulikuwa wa mwisho. Nikampita mmoja. Nikampita wa pili. Na palepale, kwenye kona, nikahisi shingo inaanza.

Nikaona macho ya binti wa jirani yakishuka kutoka usoni mwangu hadi shingoni, yakakaa hapo. Alishaviona. Niliwaza kusimama, nakiri. Mtoto anaogopa kuaibika kuliko kushindwa. Lakini miguu ilikuwa imeshakata shauri. Kikianguka kianguke, ila mimi nitafika.

"Lete!" alipiga kelele, mkono nyuma, kiganja wazi chote. "Lete, we Upupu, lete!"

Alikishika pamoja na vidole vyangu. Ilibidi nichomoe.

Tulipata nafasi ya pili, na mwalimu alipuliza filimbi hadi akakohoa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani, najikuna, shule zote za Muheza zikinitazama. Binti wa jirani akaja akakaa nyuma yangu.

"Wapi?"

"Mgongoni. Mama yako atakugombeza."

"Ameshachelewa. Hapa?"

"Juu kidogo."

Bibi alishatangulia mbele ya haki. Nilipopita Kigombe mwaka jana, shule ilikuwa imezungushiwa ukuta, na watoto walikuwa wakishushwa getini na bodaboda, wakavu kabisa. Binti wa jirani aliolewa upande wa Horohoro, mpakani, nikasikia wamehamia Kenya, kisha sikusikia tena. Muwasho wangu una jina la kitabibu sasa, refu kama treni la mkonge, na daktari amenipa vidonge na onyo la maana: pumzi ikibana au midomo ikivimba, niache kukimbia, niende hospitali. Nimemwahidi, na ahadi hiyo nitaitimiza.

Lakini leo nimekimbia tena, na kesho nitakimbia. Shingo naifikia, mikono naifikia. Mgongo ndio unaonishinda. Nasimama kando ya ukuta wa watu, nanyoosha mkono huku, nanyoosha kule, na hakuna wa kumwambia, juu kidogo.