Jina la Baba Getini

Turubai lililolowa umande lina harufu yake: mpira, vumbi lililogeuka tope, na mafuta ya taa yaliyowahi kumwagika mara moja yasitoke tena. Hiyo ndiyo harufu ya Agosti ya mwaka 1994, nilipokuwa na miaka kumi, tuliposafiri kwa pikapu ya Baba kutoka Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa, kwenda Kigali, Rwanda, mji ambao sikuwahi kuuona ingawa kila siku niliambiwa ndio kwetu. Tulikuwa watano: Baba, Mama aliyekuwa na mimba ya miezi saba, kaka yangu Faustin, mimi, na Bibi, mama yake Baba, ambaye alikimbia Kigali mwaka 1959 akiwa na Baba mgongoni na hakuwahi kurudi. Tulipochoka tulilifunga turubai ubavuni mwa pikapu tukalala chini yake, na asubuhi Mama alichemsha chai kwenye mafiga kando ya barabara. Kwangu ilikuwa safari tu, tena tamu. Kwa wakubwa ilikuwa jambo moja lisiloweza kungoja: kupata paa kabla ya mvua za Septemba, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa njiani.

Faustin alikuwa na kifuniko cha ndoo ya rangi, cheupe, chepesi, kilichokata hewa bila kelele. Kila tulipopumzika tulichagua mti wa mbali, tukakirusha kwa zamu kuuelekea. Sheria ilikuwa moja: kinapoangukia, hapo hapo ndipo unaporushia tena, hata kikiwa katikati ya miiba. Anayeugusa mti kwa kurusha mara chache ndiye mshindi. Tulivuka daraja la Rusumo, mpakani, tukiwaacha upande wa Tanzania maelfu ya watu waliokuwa wamekimbia kutoka huko huko tulikokuwa tunakwenda, na kwenye kizuizi cha kwanza askari mmoja akatutazama tukicheza, kisha akamwita Bibi. "Mukecuru," alisema, kama anavyoitwa kwa heshima mwanamke mzee, "hawa watoto wachezee kwenye lami. Majanini kuna mabomu ya kutegwa." Tangu hapo hatukulenga miti tena, tukalenga mawe ya maili na nguzo zilizoanguka barabarani. "Ukirushia majanini," Faustin alinionya, "umepoteza mchezo pamoja na miguu." Nilimcheka, lakini nilijifunza kurusha kwa usahihi.

Tulipofika Kigali, Baba alituzungusha mjini mchana mzima, taratibu, kama watalii. Bibi alikaa mbele akawa ndiye mwongozaji, ila mji aliotuonyesha haukuwepo. "Hapa tulikuwa tunauza maziwa," alisema.

"Mama, hapo ni benki."

"Basi waliijenga juu ya maziwa yangu."

Faustin alicheka hadi akapaliwa. Kisha tukashuka mtaa mwingine na hakuna aliyecheka. Madirisha hayakuwa na vioo. Milango mingi ilikuwa wazi, na hakutoka mtu. Mama alijiziba pua kwa kitambaa, akatuambia tutazame mbele. Nilitazama mbele, lakini macho ya mtoto yana ukaidi wake, na mengi niliyoyaona pembeni sijapata namna ya kuyaandika hadi leo.

Katika mtaa wa Nyakabanda tuliwakuta wengine waliorudi kama sisi. Walikuwa na desturi mpya: ukiona nyumba tupu inayokufaa, unaandika jina lako getini kwa chaki au mkaa, na wanaokuja nyuma yako wanapita. Baba aliona nyumba yenye geti la buluu lililoachwa wazi na mlimau uani. Aliokota kipande cha mkaa, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimekwisha kuchagua, kupitia dirishani, kitanda nitakacholalia.

Bibi hakushuka garini. "Nyumba ya nani hiyo?"

"Haina mtu, Mama. Wote wanaingia."

"Sikukuuliza kama ina mtu. Nimekuuliza ya nani."

"Waliokuwa humu hawatarudi."

"Na sisi walisema hivyo hivyo," Bibi alijibu. "Aliyelala kwenye kitanda changu alisema hivyo miaka thelathini na mitano."

Mama, aliyekuwa ameegemea pikapu mikono ikiwa kiunoni, alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka tu pa kuzalia." Sisi watoto tukarudi kwenye mchezo wetu, tukarusha kifuniko. Nililenga nguzo ya umeme; upepo ukakichukua, kikapita juu ya ukuta wa geti la buluu. Sheria ni sheria. Niliingia ili nirushie kilipoangukia, nikakikuta barazani, mbele ya mlango uliokuwa wazi. Kwenye mbao za fremu ya mlango kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kando ya kila mmoja jina. Majina matatu. Mtu alikuwa akiwapima watoto wake wanavyokua. Nilisimama kando ya mstari wa juu kabisa. Ulinifikia sikioni.

Sikurusha. Nilitoka nikasema, "Baba, njoo uone." Na ingawa bado nilikitaka kile kitanda, nikasema pia, "Mimi naweza kulala kwenye turubai." Baba aliingia peke yake, akakaa sana. Alipotoka alifuta jina lake getini kwa mkono wa shati, akasugua mpaka shati likawa jeusi na geti likabaki na doa. "Pandeni," alisema. "Upesi, kabla sijabadili mawazo."

Tulipanda kilima cha Rebero, kwenye ardhi ambayo askari walituonyesha kuwa imekaguliwa, tukafunga turubai. Kesho yake Baba alianza kufyatua matofali ya udongo. Mimi na Faustin tulikanyaga tope hadi magoti yakauma. Bibi aliyageuza matofali juani moja moja. Mvua ilituwahi kwa wiki mbili. Mdogo wetu alizaliwa chini ya turubai, kuta zikiwa kimo cha kifua, na Baba alijenga iliyobaki akiwa amelowa.

Miaka iliyofuata wenye nyumba wengi walirudi, na rafiki zetu walioingia nyumba za Nyakabanda wakafunga virago mmoja baada ya mwingine. Kama wale watatu wa penseli walirudi, sikupata kujua. Leo Kigali inang'aa, mitaa ina namba, na mimi naishi ghorofani, nyuma ya mlango wenye kufuli mbili. Nikibishiwa hodi, nauliza kwanza ni nani. Baba bado yuko Rebero, mzee sasa, na yeye hufungua kabla hajauliza.