Ndama Aliyerudi Nathenje

Nimekua na harufu ya moshi ndani ya kibuyu kitupu. Babu yangu alikuwa mfugaji huko Burundi tangu alipoweza kushika fimbo, na tulipokimbia hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba kibuyu cha maziwa, akakivusha mipaka miwili mgongoni kama mtoto mchanga. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, ilikuwa vumbi jekundu, upepo, na majengo ya zamani ya gereza. Ng'ombe hatukuwa naye hata wa kuchora. Lakini kila Jumamosi babu alichoma majani makavu na kukifukiza kile kibuyu, kama tunavyofanya kwetu ili maziwa yanukie vizuri. Majirani walicheka. Mama Neema, mshonaji kutoka Bukavu aliyekaa mlango wa pili, alikuwa akimwuliza, "Mzee, leo njo unapika hewa tena?" Babu akamjibu kwamba hewa ikiiva atamwita.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitasema mambo yalivyokuwa, sitayapamba. Babu alipata kibarua cha kuchunga ng'ombe Nathenje, kusini mwa Lilongwe, kwa Mmalawi aitwaye Phiri. Ng'ombe mmoja wa Phiri alishindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya tumboni, na wachungaji wengine walishaanza kunoa visu. Babu akavua shati, akaingiza mkono mpaka begani, akamgeuza ndama, akamtoa mzima na mama yake mzima. Kwa furaha yake Phiri akampa babu mtamba mwenye mimba, akampakia kwenye lori la mahindi mpaka kambini. Harusi nimeziona nyingi, lakini sijaona iliyofikia siku ile mtamba aliposhuka Dzaleka. Watu waliimba kwa lugha nne, na wazee waliokuwa hawatoki nje kwa huzuni walitoka kumgusa pembe. Akazaa ndama jike, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Nikamwita Gaju. Babu alikamua mwenyewe, maana kwetu mwanamke hakamui, na kikombe cha kwanza hakikuingia nyumbani kwetu. Alikipeleka kwa Mama Neema, ambaye mtoto wake alikuwa na kikohozi, akamwambia, "Hewa imeiva."

Gaju nilimhesabu kuwa wangu. Nilimkatia majani, nikamtoa kupe, nikamwambia mambo ambayo sikumwambia mtu. Alipoacha kunyonya, babu akatangaza kwamba Gaju anarudi Nathenje. Kwetu ukipewa ng'ombe umepewa undugu, na ndama jike wa kwanza unamrudishia aliyekupa, ili undugu uwe na miguu ya kwenda na kurudi. Bibi alinung'unika kwamba mkimbizi desturi zake huziacha mpakani. Babu akamjibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye. Mimi nililia siku mbili, na wala hakunibembeleza. Aliniambia nifunge kanga, nitakwenda naye niwe mdomo wake, maana Kichewa nilishakiokota pale bombani kwenye foleni ya maji, na yeye alijua neno moja tu, zikomo, yaani asante.

Tulitembea siku tatu. Hasira yangu, Mungu anisamehe, ilidumu mpaka tulipoingia Lilongwe tu. Sikuwahi kuona mji mkubwa. Magari yanapiga honi, redio kila duka, harufu ya chipsi, petroli na samaki wakavu vimechanganyika, nami katikati yake nimeshika kamba ya ndama kama mwenye mji. Kufika mtaa wa Mchesi, Gaju akanyakua kabichi kwenye meza ya mama mmoja, akakimbia nalo. Mimi nyuma ya Gaju naburutwa, babu nyuma yangu kashika kofia, mwenye kabichi nyuma ya babu, na watoto wote wa Mchesi nyuma ya mwenye kabichi. Tulipomkamata, babu akapiga makofi polepole, kama alivyowaona Wamalawi wakionyesha heshima, akasema zikomo mara saba. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikaapa moyoni kwamba ndama huyu simwachi.

Phiri alitupokea vizuri, lakini babu alipomnyooshea kamba uso wake ukabadilika. Akaniuliza mimi kwa Kichewa, je, zawadi yake imechukiwa? Amefanya kosa gani hata arudishiwe? Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia hapana, babu amemleta ndama umwone tu alivyokua. Phiri akafurahi sana. Akamsifu Gaju, akatupa chumvi ya ng'ombe, akairudisha kamba mkononi mwa babu. Babu akaitazama kamba, kisha akanitazama mimi. Kichewa hakukijua, lakini alikuwa amesoma macho ya wanyama wasiosema tangu utoto wake.

"Umemwambia nini?"

Nikainamisha macho kwenye kwato za Gaju.

"Mdomo wangu nilikupa wewe," akasema. "Nirudishie."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikupita urefu wa ile kamba. Nikamweleza Phiri yote huku nalia, desturi yetu na uongo wangu pia. Phiri akaichukua kamba, akainama na kumpigia babu makofi, akamwita achimwene, yaani ndugu. Mimi aliniuliza jina la ndama tu, akalirudia mpaka likamkaa.

Babu aliishi karibu miaka tisini, na hakuna mtoto mgonjwa pale mtaani aliyekosa kikombe chake. Siku ya msiba wake Phiri alikuja kwa mkongojo pamoja na wanawe, wakiongoza mtamba mwekundu mwenye baka jeupe. Hakukaa na wageni, alikaa na ndugu. Mtamba ule akanipa mimi.

Sasa mimi ni bibi. Maziwa ya pakiti yanauzwa kila kibanda hapa Dzaleka, na wajukuu wangu wanakunja pua nikifukiza kibuyu. Mwaka jana nilirudisha ndama Nathenje, kwa wana wa Phiri. Kichewa nakijua kuliko mjukuu wangu Ange, lakini nilinyamaza, nikamwachia awe mdomo wangu. Alimpenda ndama yule kupita kiasi, hilo nilijua. Akaitazama kamba. Kisha akasema yote niliyomtuma, neno kwa neno, machozi yakimtoka.

Sikumsifu. Wakati wa kurudi, kibuyu cha babu nilichokuja nacho mgongoni nilimpa yeye akibebe.